Kiguzo cha Manjano

Bwalya alikuwa mchoma makala, na makala yake yalifika mpaka Makomeno, mjini Lubumbashi. Udongo wa kufunika tanuru huchukuliwa kwenye kichuguu. Lakini safari hii kichuguu kilikuwa mbali, na kando ya njia ya mgodi palikuwa na mtaro uliofukiwa, udongo wake laini kama unga. Bwalya akajenga tanuru papo hapo. Palikuwa na kiguzo cha manjano kilichomzuia, akaking'oa.

Mkewe, Émerance, aliuliza kiguzo kile ni cha nani.

"Ya mwenye aliipanda," alisema Bwalya. "Kama anaitaka, atakuja."

Émerance akacheka, akashuka kwenye bustani ya mboga aliyolima na wanawake wenzake, chini ya kilima cha udongo uliotolewa mgodini.

Mwenye kiguzo alikuja kweli. Moto ulikuwa bado unatafuna kuni alipofika Glodie, fundi wa kituo cha kupima mitikisiko ya ardhi. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuru, kama aliyeitwa.

"Ba papa, tanuru yenu iko juu ya waya yetu. Moto imeikata."

Bwalya alisema hakuona umeme hapo. Glodie akachuchumaa, akamweleza. Waya ule hauna umeme, wala shaba ya kuuza. Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mashine hutuma mwanga katika uzi huo. Ardhi ikitikisika, uzi huvutika kidogo sana, na mwanga unaorudi hubadilika. Hivyo mashine hujua ni wapi panatikisika, hata porini pasipokaa mtu.

"Basi inasikia na maneno ya batu?"

"Tunafuata udongo tu, ba papa. Mashauri ya nyumba yenu mubaki nayo."

Kisha alionyesha kilima. Tangu mvua zianze, udongo wake ulikuwa ukisogea. Kabla ya kuporomoka, kilima kama hicho mara nyingi hutikisika kidogo kidogo, na mguu wa mtu hauhisi. Waya huhisi, na king'ora hulia. Sasa mwanga ulikuwa unaishia chini ya tanuru. Kuanzia hapo mpaka kilimani, mashine ilikuwa kiziwi.

Bwalya aliuliza kwa nini wasiwaondoe wanawake bustanini. Glodie alijibu kuwa mlinzi wa mgodi amekwisha kushuka kuwaonya, nao wamemcheka. Wanasema king'ora hakijalia.

"Ngoja makala iive," Bwalya aliomba. "Nitatoa yote."

"Kilima nayo itangoja?"

Kufungua tanuru sasa ni kuliua. Hewa ikiingia, kuni zote huwa majivu, na jasho la msimu mzima limekwenda. Bwalya alitazama chini. Kitambaa chekundu cha Émerance kilikuwa kikiinama na kuinuka kati ya mboga. Wingu zito lilikuwa likija.

Akachukua jembe, akalipasua tanuru mwenyewe.

Walimwaga maji, wakachimba. Glodie alikata kipande kilichoungua, akaunganisha kioo kwa kioo chini ya turubai, mvua ikimpiga mgongoni. Mwanga ukapita. Émerance aliporudi na kuona majivu, alichukua jembe, akawasaidia kuufukia mtaro.

Kesho yake wanawake walikuwa wakichuma mboga za lengalenga king'ora kilipolia. Safari hii hakuna aliyecheka. Walitupa vikapu, wakapanda mbio. Bwalya alisimama njiani akitafuta kitambaa chekundu. Wa kwanza walipita. Wengine walipita. Hakukiona. Alipoanza kushuka, Émerance alitokea nyuma ya wote, akimsukuma Mama Mukuka ambaye magoti yake ni mabovu. Bwalya akamshika mama yule mkono, wakamvuta juu. Hapo kilima kikaguna, kikashuka, kikafunika bustani nzima.

Vikapu vilizikwa. Watu wote walikuwa juu.

Siku hizi Bwalya huuliza kituoni kabla ya kuchimba, na akikuta kiguzo cha manjano hukizunguka. Udongo wa tanuru huubeba kutoka kwenye kichuguu, kikapu kwa kikapu. Émerance humngoja njiani.

"Kiguzo ile ilikuwa ya nani?" humuuliza.

Bwalya hutua kikapu, akafuta jasho.

"Yako," humjibu.