Mia na Themanini

Meza ya nesi ilikuwa inayumba, na nesi mwenyewe alikuwa amechoka kuishikilia kwa goti.

Ilikuwa Jumamosi ya tamasha la afya la mtaa, na uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa pomoni. Upande huu bibi watatu walikuwa wanafanya mazoezi kwa muziki, upande ule wazee wanabishana juu ya drafti, na majirani walioishi ukuta kwa ukuta miaka mitano bila salamu walikuwa leo ndiyo kwanza wanaulizana hali kwenye foleni ya kupimwa macho. Foleni ya presha ilizipita zote kwa urefu. Tusidanganyane: si kwamba watu waliipenda presha. Nesi alikuwa mzuri. Gauni la kazi la bluu limenyooka kwa pasi, viatu vyeupe pee, na kwenye shavu la kushoto kulikuwa na kishimo ambacho wagonjwa wakorofi hawakuonyeshwa.

"Jamani, hakuna fundi hapa?" aliita. "Meza ikicheza, mkono unacheza, na presha inadanganya."

Fundi seremala alikuwepo. Ndiyo kwanza ametoka kupigilia jukwaa, ovaroli imejaa vumbi la mbao, penseli nyuma ya sikio. Alipiga magoti, akachonga kabari ndogo, akaisukuma chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia tuli.

"Tayari, sista. Malipo yangu?"

"Malipo yako haya hapa. Kaa, lete mkono."

"Mimi? Mimi hata mafua siyajui."

"Wote mnasema hivyohivyo. Kaa."

Alikaa kwa ajili ya kishimo, si kwa ajili ya presha. Mkanda ukambana, ukaachia. Nesi akatazama namba, akamtazama usoni, akapima tena. Kishimo kikapotea.

"Mia na themanini kwa mia na kumi."

"Ni wewe huyo unayeipandisha. Angenipima mzee mwenye ndevu, ungeona."

"Kaka, sikutanii. Asubuhi kichwa kinakuuma?"

Kilikuwa kinamuuma tangu mwaka jana, na hakuwahi kumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha vizuri mno.

"Kapumzike nusu saa, halafu urudi nikupime tena," nesi alisema, safari hii kwa upole. "Pale getini kuna mama amekaa peke yake. Kaa naye."

Mama wa getini alikuwa mshonaji aliyestaafu. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nje, anatazama tamasha kupitia nondo za geti. Ngazi tano zilimtenga na uwanja.

"Shikamoo, mama. Mbona uko nje? Ngoja niite wenzangu tukubebe."

"Marahaba. Mnibebe, kwani mimi gunia? Mwaka jana walinibeba vijana wanne, sketi ikapanda mpaka magotini mtaa mzima ukitazama. Nikaapa. Mle ndani nitaingia kwa magurudumu yangu au sitaingia."

Fundi alicheka mpaka kichwa kikamgonga. Kisha akazitazama zile ngazi kwa jicho la kazi.

"Yule nesi ni binti yangu," mama aliendelea, maana alikuwa ameshaona jicho lingine la fundi linaelekea wapi. "Wachumba wawili wamekimbia. Kila mmoja anaambiwa, ukinitaka mimi, unachukua na kiti cha mama. Namwambia niache kwa dada yako, hasikii. Na nyumba zenyewe za siku hizi, milango myembamba, kiti hakipiti."

Nusu saa ikaisha, fundi akaaga. Alirudi mezani, namba ikawa ileile, akaandikiwa kadi ya zahanati na cheti cha dawa, akaacha namba ya simu.

Simu ya kwanza ililia Jumanne.

"Mia na Themanini, hujambo?"

"Sijambo. Ndiyo jina langu hilo?"

"Mpaka ulishushe mwenyewe. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na chumvi?"

"Tumeachana. Bado inanipitia usoni mezani, lakini hatusalimiani."

Nesi akacheka, na fundi akakiona kile kishimo kwenye simu, kama kweli kishimo huonekana kwenye simu. Baada ya hapo zikawa simu za Jumanne, za Ijumaa, halafu za Jumapili jioni, hizo ndefu, za kuulizana umekula nini, umeota nini, mbona sauti yako ina usingizi. Jina likashuka likawa Mia na Sitini, kisha Mia na Hamsini. Fundi alikuwa analisubiri jina jipya kama mtoto anavyosubiri nguo za sikukuu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: hata kinyozi wa jirani na karakana aliacha kuuliza ni nani anayepiga.

Basi siku moja fundi akanyoa, akavaa shati lililopigwa pasi, akachukua kisanduku cha kalamu alichokichonga kwa siku nne, akaenda zahanati kusema neno lililokuwa limemkaa kooni. Mlango wa chumba cha nesi ulikuwa wazi kidogo.

"Mia na Sabini wangu, hujambo?" nesi alikuwa anasema kwenye simu. "Dawa umekunywa? Ehee! Na chumvi?" Akacheka. Kicheko kilekile.

Fundi alisimama na kisanduku chake. Kumbe jina lile halikuwa lake. Kumbe kulikuwa na orodha nzima, na yeye ni mstari mmoja. Akaweka kisanduku kwenye benchi, akaondoka. Mwanaume wa miaka thelathini na saba, mwenye msumeno wa umeme na mafundi wawili chini yake, alirudi karakana amenuna kama aliyenyimwa chai.

Simu ikalia Ijumaa, hakupokea. Jumapili hakupokea. Wiki tatu zikapita.

Nesi alikijua kile kisanduku alipokiona; mikono ile aliijua kwa kazi yake. Alichokosa ni sababu. Alihesabu vidonge: vya fundi vilikwisha tarehe kumi, na hakuja kuchukua vingine. Siku moja kabla ya tamasha la mwaka uliofuata alikwenda karakana, akakuta kufuli.

"Wiki nzima haonekani," kinyozi alimwambia. "Alipita na mbao kwenye mkokoteni, hakuaga. Hata mimi hanipokelei."

Nesi alijua mia na themanini humfanya nini mtu anayeishi peke yake. Amewapokea wengi, wameletwa mdomo umekwenda upande, wengine wameletwa hawasemi kabisa. Aliogopa, na woga ule ndio uliomwambia wazi kwamba anampenda.

"Unalia nini?" mama alimuuliza jikoni jioni ile.

"Vitunguu, mama."

"Hujavimenya."

Mama angeweza kusema neno moja tu likamtuliza. Lakini alikuwa ameapishwa, na kesho haikuwa mbali. Akachukua simu yake, akajisukuma mpaka uani.

Asubuhi nesi alimsukuma mama kuelekea shuleni, macho yamevimba. Alikuwa amekwisha kupanga amwache getini kama mwaka jana. Walipofika akasimama ghafla.

Ngazi hazikuonekana. Juu yake kulikuwa na njia ya mbao, pana, imelala kwa mteremko wa taratibu, ina reli pande zote mbili na bado inanukia maranda. Mzee mmoja alikuwa anapanda na mkongojo wake, na nyuma yake mama kijana anasukuma kigari cha mapacha.

"Niache," mama alisema. Akashika magurudumu yake mwenyewe. Akapanda pole pole, mgongo umenyooka, mpaka juu, na bibi wa mazoezi wakamshangilia.

Juu kule, kwenye foleni ya presha, wa kwanza kabisa, alikaa fundi na shati lake la pasi.

Nesi alimkagua uso kwanza. Yuko hai. Mdomo wake umenyooka. Halafu hasira zikafika.

"Simu yako imekufa?"

"Iko hai."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa nakufa! Vidonge vimekwisha, karakana kufuli, nikajua umeanguka peke yako. Nilikukosea nini?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilikuja zahanati. Nikakusikia. Mia na Sabini wako."

"Mia na Sabini ni mimi!" sauti ilitoka nyuma ya foleni. Mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameinua mkono. "Babu wa wajukuu tisa. Kuna neno?"

Foleni ikaangua kicheko. Nesi hakucheka.

"Siwezi kutaja majina ya wagonjwa mle, korido nzima inasikia. Kila mtu nampa namba yake. Ni kazi yangu, wewe." Sauti yake ikashuka. "Jumapili zahanati imefungwa. Umewahi kujiuliza kwa nini wewe nakupigia Jumapili?"

Fundi akaanza kukunja mkono wa shati.

"Lete mkono," nesi alisema, huku anajifuta macho kwa kiganja. Mkanda ukabana, ukaachia. "Mia na ishirini na mbili kwa themanini. Dawa ulipata wapi?"

"Duka la dawa, kwa cheti chako kilekile. Mama alikuwa ananipigia kila asubuhi nisikate tamaa, nami nilimwapisha asiseme mpaka njia iishe."

"Mama yupi?"

Mama alikuwa anaangalia drafti kwa makini ya ghafla.

"Namba imeisha," fundi alisema. "Sasa utaniitaje? Ngoja, usijibu. Njia hii si kazi pekee niliyoifanya. Nimebomoa fremu ya mlango wa nyumba yangu, wa mbele na wa chumba cha uani, nimeweka mipana. Kiti cha mama kinapita bila kugusa."

Nesi akageuka kukitazama kiti cha mama. "Umejuaje upana wa kiti?"

"Nilimpa vipimo," mama alisema bila kugeuka. "Mshonaji hasahau kupima. Mjibu mtu, foleni inasubiri."

Kishimo kikarudi. Nesi akamfungua fundi mkanda, lakini mkono wake hakuuachia.

"Nitakuita mume wangu," alisema. "Na chumvi usiiguse."