Mguu wa Bibi na Ulimi wa Mjukuu

Kila asubuhi fundi cherehani alisogeza meza yake dirishani, akashona mapindo ya suruali za watu. Mama mkwe wake alikaa pembeni, mguu wa kushoto wenye kidonda juu ya stuli, akikosoa kila mshono kana kwamba suruali ni zake. Walikuwa Waarabu waliohamia mji huu miaka miwili iliyopita. Wakubwa hao wawili walijua Kiarabu tu. Lugha ya hapa aliijua binti wa fundi, mtoto wa miaka kumi.

Basi binti akawa ulimi wa nyumba nzima. Barua ikija, anasoma yeye. Bibi akienda kliniki kwa ajili ya kisukari, shule inaachwa, anakwenda kutafsiri yeye. Fundi, mama yake, alijivunia hilo. Ya nini kumwita mgeni asikie mambo ya nyumbani?

Lakini kidonda mguuni mwa Bibi hakikupona. Kila wakitoka kliniki, binti alisema daktari anataka Bibi apumzike tu, atapona. Bibi akapumzika, na kidonda kikazidi kuwa cheusi.

Siku moja fundi alipeleka mapazia aliyoshonea kituo cha jamii cha Waarabu, mtaa wa tatu. Hakuwahi kuingia humo. Alidhani ni mahali pa ombaomba, na yeye mikono yake ilimtosha. Ndani alikuta darasa la lugha, kabati la vitabu vya Kiarabu, na wazee wakifanya mazoezi ya kuimba, mmoja akipiga kelele zaidi ya kuimba. Msimamizi aliitwa Mama Funguo, maana kiunoni alibeba funguo za kila chumba. Alimtazama binti aliyekuja kusaidia kubeba.

"Leo hakuna shule?"

Fundi akaeleza kwamba mchana wana kliniki, na binti ndiye mkalimani wao. Mama Funguo akamketisha mtoto, akamuuliza taratibu daktari alisema nini mara ya mwisho. Binti akaanza kujibu kama kawaida, kisha machozi yakamtoka.

"Alisema kidonda kisafishwe kila siku, na Bibi asitembee peku. La sivyo mguu utakatwa. Nilishindwa kumwambia Bibi."

Fundi alitaka kugomba, akajikuta anamkumbatia mwanawe. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Mama Funguo hakumung'unya maneno. "Mtoto hana kosa, mwenzangu. Umemtwisha mzigo wa mtu mzima. Habari za ugonjwa zitafsiriwe na mkalimani aliyesomea kazi hiyo. Anasema yote, na siri anatunza. Kliniki wanao. Ni haki yako, na hulipi."

"Na wakikataa?"

"Usiondoke."

Akamfundisha maneno machache ya lugha ya hapa. Fundi akayarudia njia nzima, hadi mlangoni mwa shule alipomwacha binti.

Mchana, fundi na Bibi walipofika kliniki, karani alionyesha kwa mkono kimo cha mtoto, akiuliza yuko wapi yule binti. Fundi akapiga moyo konde.

"Nahitaji mkalimani mtu mzima. Nitasubiri."

Karani akatikisa kichwa, akaonyesha saa ukutani. Fundi akarudia maneno yake yaleyale. Kisha akaketi, akatoa suruali kwenye mkoba, akaanza kushona pindo. Bibi naye akanyoosha mguu wake katikati ya njia ili wasisahauliwe. Fundi alipokuwa kwenye suruali ya pili, mkalimani akaletwa.

Siku hiyo Bibi alisikia kila neno.

"Basi tuanze leo," akasema.

Fundi akafunga kibwebwe. Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, alisafisha kidonda kama muuguzi alivyomwonyesha. Bibi akavaa viatu vipana alivyopewa, akivitukana kutwa nzima bila kuvivua. Jioni, fundi alikwenda kusoma lugha kituoni. Baada ya miezi mitatu kidonda kilifunga. Bibi akaenda kituoni kwa miguu yake yote miwili, akajiunga na waimbaji na kuanza kuwakosoa.

Siku waliyotoka kliniki na habari kwamba kidonda kimefunga, binti alirudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni na kuuliza daktari amesemaje. Bibi akamweleza yote: mguu umepona, lakini sukari bado iko juu, na kazi ya kuishusha inaendelea. Binti akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka mkoba wa shule kitini, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.