Mgongo wa Karibu na Ukuta

Kitabu kilikuwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa ukimbembeleza mtoto. Mwanachuo alisoma ukurasa mzima juu ya jinsi watoto wanavyojifunza kusema, akaufunua, akafika katikati ya unaofuata, ndipo alipokumbuka kwamba watoto wote walikuwa wamelala upande wake wa kulia. Kushoto kwake hapakuwa na godoro. Palikuwa na ukuta.

Aligeuza shingo taratibu. Kiganja chake kilikuwa juu ya sakafu tupu, na sakafu pale ilikuwa na joto la mwili.

Akajiambia ni jua. Mtu aliyeipata kazi kwa shida hakosi la kujiambia.

Na shida alikuwa ameionja. Chuoni walimwambia hapandi ngazi ya stashahada mpaka afanye kazi na watoto kwanza. Kwenye vituo vya kulelea watoto wakamwambia hawamchukui mpaka awe na hiyo stashahada. Alizunguka na bahasha ya vyeti hadi soli zikalika, binti yake mgongoni, na kila mlango ukimuuliza, "Na huyo utamwacha kwa nani?" Mwenye kituo hiki peke yake hakuuliza. Alimtazama mtoto, akasema, "Njoo naye kesho." Vyeti hata hakuvigusa. Mwenye akili zake angejiuliza hapo hapo kulikoni, lakini mfa maji hukamata maji.

Mlangoni mwa chumba cha kulala, mahali walezi wanapovua viatu ili wasiwaamshe watoto, alikuta jozi ya viatu vya kike.

"Vya nani hivi?" aliuliza.

"Vya aliyekutangulia," alijibu Shangazi, mlezi mkongwe ambaye hata mwenye kituo alimwita hivyo. "Atavifuata."

Kwa vumbi lililokuwa juu yake, mwenyewe hakuwa na haraka.

Shangazi ndiye aliyempachika jina la Mwanachuo, na binti yake akamwita Kifungo kwa udogo wake. Ndiye pia aliyempa sheria ya chumba kile. "Mtoto akilia, mtazame uso kwanza. Ukishamjua, ndipo umbembeleze." Mwanachuo aliitikia kwa adabu na kuyaweka hayo kwenye kapu la maneno ya wazee. Kitabuni hayakuwemo. Kitabuni iliandikwa kwamba mtoto anayelia ajibiwe upesi, apate kumwamini mlezi wake. Tena mtihani ulikuwa unakuja mbio, na saa ya watoto kulala mchana ndiyo saa pekee aliyokuwa nayo ya kusoma. Basi akawa anafanya yote mawili, macho kitabuni, mkono ukifuata sauti. Ikisikika kwikwi, mkono unakwenda wenyewe, unapata mgongo mdogo, unapigapiga pole pole mpaka kwikwi inakatika. Alijiona hodari. Mkono mmoja unafaulu kazi, mwingine unafaulu chuo.

Baada ya siku ile ya sakafu yenye joto, chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Walifua mashuka, wakasugua sakafu, wakatoa magodoro juani. Harufu ikawa inaondoka na kurudi saa ile ile ya kulala. Kisha watoto nao wakaanza vyao. Wanalazwa vizuri, kila mmoja na godoro lake, lakini usingizini wanabingirika kuukimbia ukuta, mpaka saa ya kuamka wanakutwa wamerundikana mlangoni, wengine wamelaliana, na upande wa pili magodoro matupu.

Kifungo yeye aliacha kulala kabisa. Alikaa kitako akimkodolea mama yake macho.

"Mbona hulali, mama?" Mwanachuo alimuuliza jioni moja akimvua nguo amuogeshe.

"Yule ananifinya."

"Nani?"

"Wa ukutani." Kifungo alishusha sauti, ingawa walikuwa nyumbani na mlango umefungwa. "Anasema nitoke. Anasema wewe ni mama yake, unambembeleza yeye."

Mwanachuo alimgeuza. Kwenye mgongo wa mwanawe palikuwa na alama za vidole, vyembamba, virefu kupita vya mtoto yeyote pale kituoni, na vilikuwa vimepangana kama vyake mwenyewe anapombembeleza mtu. Woga ulimshika hapo, woga hasa, akakaa chini bafuni na mtoto kifuani mpaka maji ya kuoga yakapoa.

Kesho yake alimbana Shangazi stoo.

"Ulimtazama uso?" Shangazi alinong'ona.

"Sikumtazama."

"Umembembeleza tangu lini?"

"Tangu nianze kazi, nadhani. Sijui. Nilikuwa nasoma."

Shangazi alikaa juu ya kindoo cha vitu vya kuchezea. "Aliyekutangulia alimtazama. Ndiyo maana alikimbia miguu peku. Wewe hukumtazama, umemlea. Sasa anakujua."

"Na mlijua, mkaniacha nilete mwanangu humu?"

"Nilikupa sheria, mwanangu."

"Hukunipa sababu."

"Ningekupa, ungekuja?"

Mwanachuo alitamani kumzaba kibao, mtu mzima yule. "Basi naacha kazi leo."

"Acha. Mtoto humfuata mlezi wake. Atakuja kwako, na kitandani kwako kuna nafasi ya mtoto mmoja tu."

Kaka yake Shangazi alikuwa mganga wa majini siku moja moja, na fundi wa pampu za maji siku zote zilizobaki. Alikuja na mkoba ule ule, ubani umechanganyika na spana, hata mpishi aliyemfungulia geti akamwelekeza kisimani. Alisimama chumbani, akavuta harufu ile, akatoka amekunja uso.

"Huyu alitaka mlezi, kapata," alisema. "Dawa ni moja. Alie, usimjibu. Usimguse, usimwambie nyamaza. Akichoka atakwenda kutafuta kwingine."

"Na akilia kwa sauti ya mtu ninayemjua?"

"Atalia hivyo. Hawa hawana sauti yao, huazima."

"Na akishaazima?"

Mganga aliinama, akahangaika na zipu ya mkoba. "Mimi nafukuza tu," alisema.

Ikachaguliwa siku ya mapumziko, kituo hakina watoto. Kifungo aliachwa kwa jirani yao wa nyumbani, mbali na kituo. Mwanachuo aliingia chumbani adhuhuri, mapazia yameshushwa, akakaa mahali pake pa siku zote. Nje ya mlango mganga alichoma ubani, na Shangazi alikohoa mara kwa mara ili ajue hayuko peke yake.

Kwikwi ilianza chini kabisa, karibu na ukuta. Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe, akauvuta na kuukalia. Kwikwi ikawa kilio, kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjaa kooni, na kitu kikaanza kutambaa sakafuni, kikasimama, kikatambaa tena, kikaegemea paja lake, kizito, chenye joto, kikisugua mgongo kwenye nyonga yake kikiuomba ule mkono, naye amefumba macho na kung'ata meno, akikumbuka kila ukurasa uliomfundisha kwamba mtoto hasusiwi, mpaka kilio kikakatika na kimya kikashuka, na katika kimya kile akaisikia sauti ya Kifungo, Kifungo mwenyewe, si ya kuigiza, ikisema karibu na sikio lake, "Mama, nimeamka. Mama, kuna giza. Mama, mbona huji?"

Hakujibu. Machozi yalimchuruzika mpaka shingoni, lakini hakujibu. Sauti ililia ikimwita mpaka ikakauka, ikaenda mbali, ikaisha.

Alipofungua macho, chumba kilikuwa kinanuka ubani na sabuni tu. Sakafu ya karibu na ukuta ilikuwa baridi. Shangazi alimkumbatia mlangoni, na mganga akamwambia imekwisha, aende akamchukue mwanawe.

Alikwenda mbio. Jirani alimpokea kwa kicheko. "Mtoto wako mpole. Alishtuka usingizini akafumbua mdomo, nikajua sasa nitakoma, wala hakulia."

Kifungo alimwona mama yake, akamkimbilia, akajikwaa kizingitini. Goti lilichanika, damu ikatoka. Alifumbua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamwagika, na hapakutoka sauti. Alivuta pumzi, akajaribu tena. Hapakutoka kitu.

Mwanachuo alimnyanyua. Akamtazama uso kwanza, akamtazama sana, kisha akampigapiga mgongoni.

Nyumba chache kutoka pale, nyuma ya ukuta wa mtu, sauti ya Kifungo ilisikika ikilia. Na mwanamke fulani, mikono ikiwa kwenye kazi zake, hata hakugeuka kutazama, akasema, "Nyamaza, mama. Nakuja."