Mvua ya Jana

Maiti ya mzee Celestini, mpima mvua wa kituo cha hali ya hewa cha Mbuba, ilikutwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe ishirini Aprili, ndani ya shimo la kuvundikia ndizi nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa imelazwa chali na kufunikwa majani ya mgomba kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, kama mkungu unaongojewa uive.

Daktari wa polisi aliichunguza, kisha akainuka. Kisogo kimepasuliwa kwa kitu butu. Amekufa siku sita zilizopita, yaani Jumanne tarehe kumi na nne.

Inspekta Modestus, mpelelezi kutoka Ngara, alikuwa akiandika maneno hayo alipomwona Niyongabo, jirani aliyeivumbua maiti, akitikisa kichwa.

"Siku sita haiwezekani, afande. Jana alfajiri nilimwona akienda kwenye kipimo chake na lile koti la njano. Nilimpungia mkono."

"Naye?"

"Alinipungia."

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Askari mmoja aligeuka taratibu, akatazama njia ya kuelekea kituoni.

Huko kituoni mambo yalitisha zaidi. Kompyuta ilionyesha kwamba mvua imepimwa kila asubuhi, hata asubuhi ileile ya Jumatatu, na kila faili lilikuwa na jina la msomaji: Celestini. Mzee huyo alisifika wilaya nzima kwamba kwa miaka thelathini na moja hajakosa siku. Sasa ilielekea kwamba hata kifo hakikumpa likizo.

Hata hivyo, Inspekta Modestus hakuwa amepata kusikia maiti ikibonyeza vitufe. Wenye ufunguo wa kituo walibaki wawili. Mmoja alikuwa mjane, Francisca, aliyeitwa na wote Mama Derick. Alieleza kwamba mumewe alikuwa na desturi ya kulala kituoni, na kwamba yeye mashine ile haijui. Mwingine alikuwa Hategekimana, msaidizi aliyesomea kazi hiyo chuoni. Huyo alikiri kwamba aligombana na mzee, akadai kwamba wiki hiyo nzima alikuwa kwao Biharamulo, lakini shahidi hakuwa naye. Jioni aliwekwa mahabusu, na wakubwa wakataka ashtakiwe kwa mauaji bila kukawia.

Inspekta hakuridhika. Siku ya pili alimwita Iradukunda, mtaalamu wa takwimu wa wilaya. Binti huyo aliyapitia mafaili ya Aprili. Kila faili lilibeba siku moja, nayo yalikuwa kumi na tisa, idadi iliyopaswa kufikia Jumatatu. Moja moja hayakuwa na kasoro.

"Faili moja ni kama ushanga mmoja, afande. Tuyatunge kwenye uzi ndipo tuone."

Alifungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, la kuandikiwa amri tu, akaandika mstari mmoja: mafaili yote yaungwe kuwa moja, kwa mfuatano wa tarehe. Maandishi meupe yalishuka, kisha yakasimama kwenye onyo. Mfuatano umekatika. Baada ya kumi na tatu, kumi na tano.

Siku moja tu haikuwapo, nayo ni ile aliyokufa Celestini. Ni kana kwamba marehemu ameondoka nayo. Inspekta aliinamia kioo cha kompyuta.

"Imefutwa?"

"Ingefutwa, idadi ingepungua. Haikuandikwa kamwe."

Iradukunda alifafanua kwa utulivu. Mvua inayokutwa kwenye kipimo saa tatu asubuhi ni ya jana yake, nayo huandikwa kwa tarehe ya jana. Mtu aliyeshika kazi siku ya Jumatano aliiandika kwa tarehe ya siku hiyohiyo, akaendelea hivyo hadi mwisho. Faili la mwisho lilikuwa la mvua ya tarehe ishirini, nalo liliandikwa asubuhi ya tarehe ishirini, siku yenyewe ikiwa haijaisha.

"Hategekimana angekosea hivyo?"

"Hata usingizini asingekosea. Ndilo somo la kwanza la chuo."

Basi aliyeandika alikuwa ameiona kazi hiyo mara maelfu akiwa nyuma ya bega la mpimaji, bila kuelezwa kitu.

Walimkuta Mama Derick jikoni akimenya ndizi. Koti la njano lilining'inia kwenye msumari, mikono ya koti imekunjwa mara mbili, kama iliyovaliwa na mtu mfupi kuliko mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mvua ya asubuhi hii, ungeiandika tarehe ngapi?"

"Ya leo." Kisha kisu kikasimama.

"Huandikwa ya jana, mama."

"Miaka thelathini na moja," alisema, "hata hilo hakuniambia."

Alikiri bila kulazimishwa. Siku ile ya Jumanne alikuwa akitwanga, huku akimsihi mumewe waende pamoja Rulenge siku ya Jumapili, binti yao Jovina akiweka nadhiri za utawa. Misa ilikuwa saa tatu. Mzee alijibu kwamba saa tatu husomwa kipimo. Ndilo jibu alilolitoa miaka kumi na miwili iliyopita, mwana wao Derick alipokuwa akiungua kwa homa na kuhitaji kukimbizwa hospitali: asubiri kipimo kisomwe kwanza. Derick hakusubiri. Mzee alipogeuka kwenda zake, mchi ulikuwa mkononi mwa mkewe.

"Kwa nini uliendelea kupima?"

"Faili likikosekana siku mbili, ofisi hupiga simu. Nilitaka nimwone mwanangu akila kiapo kwanza. Kanisani waliniuliza baba yuko wapi. Nikasema yuko kwenye kipimo. Hakuna aliyeshangaa."

"Na Hategekimana yuko mahabusu kwa ajili yako."

"Mzigo wangu ule pale, nimeshaufunga. Nilikuwa nije kujisalimisha."

Inspekta alifunga daftari, kisha akalifungua tena.

"Jumapili ulikuwa Rulenge saa tatu. Ulisoma lini?"

Mama Derick alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, kidole kwa kidole.

"Saa kumi na mbili, kabla sijapanda pikipiki. Nilisoma saa kumi na mbili, mwanangu, na hakuna kilichoharibika."