Chakula cha Babu Ambokile

Kila siku Neli alipotoka shule ya misheni, alikuta chakula cha babu yake kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alinawa mikono, akakibeba hadi nyumba iliyokuwa ng'ambo ya migomba, alipoishi Mzee Ambokile peke yake. Damari, mama yake Neli, hakuweza kukipeleka. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Damari alizaliwa kwa Wakisi, ufukweni mwa ziwa, lakini tangu aolewe hapa Bujonde aliishika desturi hiyo kuliko wenyeji. Mumewe alikuwa kazini kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, na bibi alikwisha kufa. Basi kati ya mzee na mkwewe alikuwapo Neli tu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, korongo wangu. Leo umeniletea nini?"

"Ndizi na samaki."

Mzee alimega kidogo, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akasukuma bakuli. "Malizia wewe. Miguu hiyo imekonda mno."

"Na mama akiuliza?"

"Mwambie nimekula. Akijua nimebakiza, atadhani nadharau mapishi ya kwao."

Neli aliwapenda sana samaki wa mama yake. Alikula, akarudisha bakuli tupu.

"Amekula?" mama aliuliza.

"Amekula chote."

Damari alitabasamu, akaendelea kufinyanga chungu chake. Ikawa hivyo kila siku.

Mvua zilipoanza, babu hakuonekana tena shambani kwenye mpunga. Asubuhi moja aliinuka kitandani, akaanguka mlangoni. Binti yake, Shangazi Angetile, akaja kutoka Mwaya. Alipoushika mkono wa baba yake, alishtuka. Akaenda moja kwa moja kwa Damari.

"Baba amebaki mifupa. Unampikia nini?"

"Nampikia kila siku, wifi. Neli anampelekea."

"Anapelekewa chakula au bakuli? Labda huko kwenu ziwani wazee hushiba upepo. Kaka yangu atapata habari hizi. Fungasha vyungu vyako, urudi kwenu."

Damari alimtazama Neli mara moja, akainamisha kichwa. Neli akawaza. Akisema, ataitwa mlafi na mwongo. Akinyamaza, mama ataondoka.

"Shangazi, chakula kilifika," alisema. "Nilikila mimi."

"Ulikila?"

"Babu alikuwa ananipa. Mama nikamwambia amekula. Nilimdanganya."

Shangazi alimkamata mkono, akamvuta hadi kwa babu.

"Mwache mtoto," mzee alisema. "Alisema nilivyomtuma." Akafungua kinywa. "Tazama. Magego yote yamekwisha. Ndizi zinanishinda, miiba ya samaki naiogopa. Mzee kama mimi niombe kupondewa chakula, kama mtoto anayeota meno? Niliona haya."

"Ungekufa kwa haya, baba?"

"Nilikuwa njiani."

Shangazi akarudi kwa wifi yake, akapiga magoti, akamwomba radhi.

Jioni Damari aliponda ndizi hadi zikawa laini, akachambua samaki kwa vidole, mwiba baada ya mwiba. Safari hii alifuatana na Neli, akakaa nyuma ya nyumba ya mzee, mgongo ukiwa ukutani. Babu alikula polepole mpaka bakuli likabaki tupu. Alijua ni nani aliyekaa nyuma ya ukuta, akapaza sauti.

"Neli, mwambie mama yako chakula ni kizuri. Ndaga fijo, namshukuru sana."

"Amesikia, babu."

"Mwambie hata hivyo. Na wewe sikiliza. Mimi na mama yako hatuonani. Ninalolijua juu yake ni lile unalolileta wewe, na yeye vilevile. Ukibadili neno, sote tunapotea. Mimi nilikosa kukutuma uongo. Lakini siku nyingine mkubwa akikutuma uongo, kataa kwa adabu."

"Nikikukatalia, hutaniita mjeuri?"

"Nitakuita. Wewe kataa tu."

Neli alitoka na bakuli, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama yake alikuwa amesikia kila kitu. Hata hivyo alifuta macho, akauliza, "Amesemaje?"

Neli akakaa karibu naye, akamweleza yote, hata lile la mjeuri, bila kupunguza wala kuongeza.