Waya Aliouacha Evald

Tage Overgaard alipofika kwa Gudrun, mwanga wa siku ile ya Novemba ulikuwa umebakiza saa moja tu. Alikuja na sanduku la vifaa, taa ya mkononi na kiburi chake chote, maana katika vijiji vile vya kandokando ya kinamasi hapakuwa na injini kuukuu iliyowahi kumshinda.

Kilichomleta ni katapila la marehemu Evald, mume wa Gudrun. Tage alilitamani trekta lile la minyororo tangu ujanani. Mara ngapi alimwomba Evald amuuzie, na mara ngapi Evald alimjibu, "Yeyote, Tage, ila si wewe." Jibu hilo lilimkaa kooni miaka yote. Sasa Evald alikuwa makaburini tangu Machi, na mjane alikuwa amepiga simu mwenyewe.

"Likiwaka leo kabla ya giza, ni lako," Gudrun alisema mlangoni mwa ghala. "Bure."

"Bure, shemeji? Umeficha nyoka ndani yake?"

Gudrun hakucheka. Alinyoosha mkono, wakapigana viganja mara tatu, kama wachuuzi wa ng'ombe wa huko wanavyofunga biashara. Baada ya kiganja cha tatu hakuna kurudi nyuma. Mkono wa Gudrun ulikuwa wa baridi. Tena alikuwa amevaa gauni la buluu la kwendea kanisani, na siku ilikuwa Jumanne.

Juu ya benchi la kazi palikuwa na birika la kahawa na vikombe vitatu.

"Tuna mgeni?" Tage aliuliza.

"Bado hajafika."

Kisha akaenda zake ndani ya nyumba.

Tage alikunja uso. Mnunuzi mwingine! Ndiyo, lazima kuna tajiri fulani kutoka mjini anayesubiri fundi mjinga awashe, kisha achukue yeye. Basi tutaona, alijisemea, akavua koti.

Alianza na mafuta. Yapo. Akafungua plagi moja, akaiacha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini na kuzungusha hendeli.

Tak!

Ililia magneto, kile kifaa kinachojitengenezea umeme bila betri. Lakini kwenye plagi... hakuna cheche. Alisafisha platini, zile ncha ndogo zinazokata umeme, akapima mwanya wake, akazungusha tena. Tak! Hakuna. Magneto yenyewe ilikuwa nzima kama jana imetoka kiwandani.

Injini ya namna hiyo huzimwa kwa waya mmoja. Waya ukigusa bodi ya chuma, umeme wote unakimbilia huko na cheche inakufa. Kwa hiyo Tage alijiuliza: nani ameugusisha, na wapi?

Alitafuta kwa vidole, kwa sababu miwani aliisahau garini. Akaupata nyuma ya magneto. Waya mwembamba, umepakwa rangi ileile ya injini, umepita chini ya kiti na kufungwa kwenye bodi kwa bolti mbili. Mtu hafungi waya hivyo kwa bahati mbaya. Ulikuwa na kibati kidogo kilichojaa grisi, kina mikwaruzo ya msumari. Hilo halikumshangaza, Evald alikuwa mtu wa vibati, hata kopo la misumari alilifungia kibati chenye jina.

"Mshenzi wewe," Tage alinong'ona. "Hata kaburini hutaki nilipate."

Alikuwa na sheria moja ya kazi, na aliipenda kuliko dini: waya usiotoka kiwandani, ng'oa. Akaukata. Kibati akakitia mfukoni.

Tak! Cheche ya buluu ikaruka.

Akarudisha plagi, akapiga hendeli mara moja tu. Katapila likakohoa, likatema moshi, likawaka kwa silinda zote nne. Tage alicheka peke yake kwa furaha.

Kisha akasikia harufu. Si ya mafuta. Ilikuwa ya mboji mbichi, ya maji meusi yaliyokaa.

Nje, kutoka upande wa kinamasi... chup. Chup. Chup.

Gudrun alikuwa amerudi, amesimama kando ya benchi, na kofia kichwani. Alikuwa akimimina kahawa kwenye kikombe cha tatu.

"Nani huyo, shemeji?"

"Mwenye katapila."

Tage akaelewa anamsema nani. Kila mtu pale alikijua kisa cha Villads, kaka yake Evald. Walikuwa wakichimba mfereji wa kukausha kinamasi. Villads aliendesha katapila lake, na Evald akatangulia na fimbo kupima kama ardhi ni ngumu. Evald alimpungia mkono: njoo. Katapila likazama. Kesho yake wakalivuta kwa minyororo, kiti kitupu, na Villads hakuonekana tena. Gudrun alikuwa mchumba wa Villads. Mwaka uliofuata aliolewa na Evald.

Chup. Chup.

Nyayo zikanyamaza kando ya katapila. Hapakuwa na mtu.

Kisha springi za kiti zikabonyea.

Maji meusi yakaanza kudondoka kutoka kwenye kiti. Tage alichomoa bisibisi, akaunganisha magneto na bodi. Cheche zikaruka, lakini injini haikuzimika. Akafunga mafuta. Injini iliendelea. Akazing'oa nyaya za plagi kwa mikono mitupu, moja baada ya nyingine, umeme ukimpiga mpaka mabegani.

Zote nne.

Injini iliendelea kunguruma.

Gea ikaingia yenyewe. Gudrun alikuwa tayari anapanda, kikombe mkononi. Tage akamshika mkono wa gauni.

"Shuka, Gudrun! Nakuomba! Utakufa kule!"

"Nimemngoja miaka thelathini na tatu, Tage," alinong'ona. "Niachie."

Kitambaa kikachanika. Katapila likapita, likaelekea kinamasini taratibu, mama yule ameketi wima kama anakwenda harusini. Tage alikimbia nyuma yake mpaka tope likamfika magotini, akalia kwa sauti, akiita jina lake. Mngurumo ulishuka chini... chini zaidi... lakini haukukata.

Polisi walitafuta siku mbili. Alama za minyororo ziliishia kwenye ukingo wa mfereji. Mbele yake nyasi zilikuwa zimesimama vizuri, hakuna hata moja iliyolala.

Siku ya tatu Tage alikikumbuka kibati. Alikiosha kwa mafuta ya taa, akavaa miwani, akakisogeza dirishani. Mwandiko ulikuwa wa Evald.

*Tage, ni wewe tu utakayeuona waya huu. Uache. Villads hajanisamehe, na Gudrun hajamsahau.*

Alikaa jikoni bila kuvua viatu. Nyaya nne za plagi alizozing'oa zilikuwa bado sandukuni mwake, miguuni pake. Na huko kinamasini, saa kumi jioni, giza lilipoanza kuingia, injini ikaanza kupiga, laini, silinda zote nne, kama alivyoitengeneza.