Pete ya Kahawia Machoni mwa Omuse

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asio, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpelekea kaka yake Omuse chai. Omuse alikuwa golikipa hodari wa timu ya vijana wa Malaba. Sasa mikono ilimtetemeka, misuli ilikakamaa, na magoti yalimuuma kama ya mzee.

Asio alimshuku jirani yao Mama Sydney, muuza njugu karibu na foleni ya malori ya mpakani. Kila jioni alimletea Omuse njugu, kisha akamkazia macho kimya. Alitafuta nini? Asio akawa anazimwaga njugu zile chooni. Halafu akawanong'oneza wenzake shuleni kwamba mama yule ni mchawi. Uvumi ukasambaa. Kabla ya wiki kwisha, wateja walimpita Mama Sydney kama hawamwoni.

Jumamosi Mama Sydney alikuja kuzungumza na mama yake Asio. Alipoinama kumtazama Omuse, Asio akajitia katikati.

"Usimguse."

Mama Sydney hakukasirika. Alieleza kwamba ameona pete ya kahawia kuzunguka mboni za Omuse, naye hajawahi kuona jambo kama hilo. Akashauri kijana apelekwe hospitali.

Baada ya vipimo kadhaa, daktari alisema Omuse alizaliwa na ugonjwa unaolizuia ini kuondoa madini ya shaba yatokayo kwenye chakula. Shaba ikizidi hujikusanya katika ini, ubongo na macho. Mwili hutetemeka, misuli hukakamaa na viungo huuma.

"Kwa hiyo ni njugu zilizomdhuru?" Asio aliuliza.

"Hapana. Apunguze njugu na maini kwa sababu vina shaba nyingi, lakini ugonjwa alizaliwa nao. Atameza dawa maisha yake yote."

Asio naye alipimwa, kwa kuwa ugonjwa huo hurithiwa. Hakuwa nao.

Aibu ilimnyima usingizi. Aliungama yote kwa mama yake, na Jumatatu iliyofuata wakaenda pamoja shuleni. Asio akasema ukweli mbele ya darasa zima. Kisha wakaenda kwa Mama Sydney, naye Asio akapiga magoti kuomba radhi.

Mama Sydney alimwinua.

"Umeniumiza, mwanangu," alisema. "Mimi pia nilikuwa na shaka kuhusu macho yake, ila nikashauri daktari aulizwe. Wewe ulihukumu. Siku nyingine ukishuku jambo, mwulize anayejua kabla hujamtaja mtu."